Kioo Kilichosuguliwa kwa Jivu

Ukiingia Gatwekera, huko Kibera, ukauliza kwa Nyongesa fundi wa vioo, watu watakutazama tu. Uliza kwa yule jamaa wa bomba, na hata mtoto wa nasari atakufikisha mlangoni. Bomba lenyewe liko nyuma ya ploti, kati ya kamba za nguo na tangi la maji. Ni bomba jeupe la plastiki, la aina ile inayopitisha maji taka, na urefu wake unamfika mtu mzima kifuani. Limekalia kisanduku cha mbao kinachozunguka, na mdomo wake umefunikwa kwa mfuniko wa sufuria. Wageni wengi hudhani ni ufundi fulani wa choo. Nyongesa hakasiriki. Humwambia mgeni arudi saa moja na nusu jioni, siku ambayo stima imepotea, kwa sababu ile taa ndefu ya mulika mwizi iliyo kando ya njia ikiwaka hufukuza wezi na nyota pamoja.

Ndani ya bomba, chini kabisa, mna kioo cha mviringo, upana wake kama kiganja kilichokunjuliwa. Kioo hicho Nyongesa amekitengeneza kwa mikono yake mara mbili. Mara ya kwanza alikitengeneza kwa furaha. Mara ya pili hapendi kuisimulia, na ukimuuliza atakuambia tu kwamba kiliharibika kidogo.

Alitoka upande wa Bungoma mwaka wa elfu mbili na nne, akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Akabeba mawe ya mjengo, akachanganya kokoto, na mwishowe akaangukia karakana ya vioo ya Obonyo kule Kawangware. Kazi yake ilikuwa kulainisha kingo za vioo vya meza ili zisimkate mtu. Kila asubuhi alikata njia kwa miguu kutoka Kibera hadi Kawangware, jioni akarudi vivyo hivyo, na vidole vyake havikuwahi kukosa mikato midogo. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja siku aliyopanga foleni na watoto wa shule.

Vijana fulani wa chuo walikuwa wameleta darubini kwenye uwanja wa shule huko Sarang'ombe. Nyongesa alikuwa akipita tu, akaona mstari, na mtu wa Nairobi akiona mstari husimama kwanza halafu ndiyo aulize unaenda wapi. Zamu yake ilipofika akainama, akaona Kilimia. Nyota hizo alizijua tangu utotoni. Kwao wazee walizitazama ili wajue wakati wa kupanda mbegu za wimbi. Kwa macho matupu ni sita, saba ukiwa na macho ya kijana. Humo ndani zilikuwa kishada kizima, za buluu, nyingi hata akasahau kuzihesabu. Kijana wa chuo akamweleza kwamba zilizaliwa pamoja na mpaka leo zinatembea pamoja, kama ndugu ambao hawajagawana shamba. Kisha akaigeuza darubini akamwonyesha kitu kama ukungu, doa tu la weupe. Akamwambia hiyo ni galaksi, na ule ukungu wote ni nyota, na nuru yake imekuwa njiani miaka zaidi ya milioni mbili. Watoto nyuma walikuwa wamechoka kungoja. Mmoja akamwambia, "Mzee, si utoke, umekaa sana." Nyongesa akatoka, lakini hakwenda nyumbani. Alimngoja yule kijana mpaka akamaliza, akamuuliza kile kioo cha ndani kimetengenezwa vipi.

Kijana akamjibu kwamba mtu anaweza kukisaga kwa mkono, nyumbani kwake. Hapo ndipo alipomharibu.

Obonyo alimpa vipande viwili vya kioo kinene vilivyobaki kwenye meza ya hoteli fulani, na Nyongesa akavikata mviringo. Kusaga kwenyewe kuko hivi: kioo kimoja unakilaza chini, cha pili unakiweka juu yake, katikati unamwaga maji na unga mkali wa kusagia. Halafu unasukuma mbele na nyuma huku ukizunguka, hatua moja moja, ili kioo kichimbike sawa pande zote. Alijaza mchanga kwenye pipa, akakipachika kioo juu, na kila jioni kwa miezi minne akalizunguka pipa hilo nyuma ya ploti. Majirani walimcheka hadi wakachoka. Kalekye, jirani wa mlango wa pili, alimuuliza Bridgit, mkewe Nyongesa, kama hayo ni maombi na kama ni ya dhehebu gani. Bridgit naye alikuwa akimletea mumewe chai, akageuza ndoo akaikalia, akamtazama akizunguka. Siku hizo walikuwa wakicheka sana.

Baada ya kusaga kuna kung'arisha, na baada ya kung'arisha kuna kupaka madini ya fedha ili kioo kirudishe nuru. Hapa kuna jambo moja la kuelewa, maana mambo yote yaliharibikia hapo. Kioo cha kujitazamia ukutani kimepakwa nyuma, kwa hiyo mbele unaweza kukisugua upendavyo. Kioo cha darubini kimepakwa mbele, juu kabisa, utando mwembamba ambao hata kidole hakifai kuugusa. Mzee mmoja aliyekuwa akitengenezea vinyozi vioo ndiye aliyempakia. Akamwonya kwamba fedha hiyo haidumu: baada ya miezi itapiga manjano, halafu kahawia, na hapo akioshe kwa pamba laini na maji masafi, polepole, bila kukisugua hata kidogo.

Bridgit alijifungua Daisy mwezi wa kumi na moja, mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. Mama yake, Nekoye, akaja kutoka nyumbani kumwogesha mtoto na kumpikia binti yake uji.

Kwa watu wa kwao Nyongesa, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Lakini heshima hiyo ilitungwa mahali penye nafasi. Gatwekera nyumba ni chumba kimoja, futi kumi kwa kumi. Basi Nekoye akapewa kitanda kwa Kalekye, na kati ya kitanda hicho na meza ya Nyongesa palikuwa na bati moja tu. Mchana Nyongesa akiwa kazini, mama alikuwa huku akimlea mjukuu. Saa kumi na mbili jioni alijifunika leso kichwani akavuka kwenda kwa Kalekye. Waliishi hivyo kwa wiki nyingi, kila mmoja akimjua mwenzake kwa kikohozi chake, na salamu zote zikipitia kwa Bridgit.

Nekoye alikuwa na fahari moja, nayo ni kusugua sufuria. Alikuwa wa kizazi cha wanawake ambao mgeni akiingia jikoni mwao hutazama kwanza matako ya sufuria, ndiyo ajue ameolewa nani hapo. Hata wiki ya kwanza haikuisha. Sufuria zote za Bridgit, pamoja na mifuniko yake, zilikuwa zimening'inizwa ukutani zinametameta, na Nyongesa angeweza kunyolea ndevu ndani yake. Alimwambia Bridgit amwambie mama kwamba nyumba imekuwa na mwanga mara mbili. Nyuma ya bati alimsikia mama mkwe akicheka kwa sauti ya chini, amefurahi.

Jioni moja ya mwezi wa kumi na mbili stima ilipotea, na Nyongesa akatoka nje na darubini yake. Nekoye akaja akasimama mbali, karibu na tangi. Akamwambia Bridgit amwambie baba Daisy kwamba baba mzazi wa Nekoye alikuwa akiwatoa watoto wake nje kuwaonyesha zile nyota za wimbi. Angependa kuziona ndani ya hilo bomba, kabla ya kurudi nyumbani. Macho yake wakati huo yalikuwa mazima. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wa koroboi. Nyongesa alisikia kila neno, lakini alingoja Bridgit amwambie, kama inavyotakiwa. Akajibu kwamba leo hewa haijatulia, labda kesho.

Kesho yake akasema mwezi ni mkubwa sana. Wiki iliyofuata akasema mawingu. Ukweli ni kwamba alikuwa na haya. Mtu akitazama darubini, mwenye darubini husimama karibu, bega kwa bega, akimwelekeza, na kila baada ya dakika moja hulisogeza bomba kwa sababu nyota hazingoji mtu. Nyongesa hakuweza kujiona akimpumulia mama mkwe shingoni. Angeweza kumfundisha Bridgit kulisogeza, lingekuwa jambo la dakika tano. Lakini alitaka awe yeye wa kuonyesha. Haya upande huu, maringo upande ule, na mama akangoja mpaka mwezi wa kwanza.

Kufikia hapo kioo kilikuwa kimepiga manjano. Nyongesa akakitoa, akakifunga kwa nepi safi ya mtoto, akakiweka juu ya kabati. Akamtuma Bridgit amwambie mama kwamba kioo kimechafuka kidogo, kwamba atakisafisha Jumamosi, na Jumamosi hiyo atamwonyesha nyota zake.

Alhamisi, Bridgit alikuwa amempeleka Daisy kliniki. Nekoye alipokuwa akipanguza kabati akaiona nepi, akaifungua. Kilikuwa kitu cha mviringo, manjano katikati na kahawia pembeni, kama sufuria iliyounguza maziwa. Baadaye alimweleza Kalekye alivyofikiri. Alifikiri, kumbe hiki ndicho kinachomtia baba Daisy aibu asiniite. Mtu anashinda kazini kutwa, atasafisha saa ngapi? Akaona hii ndiyo nafasi yake ya kumfanyia mkwe jambo, yeye ambaye hawezi hata kumpa mkono. Akatoka na kigoda hadi kando ya mtaro, na jivu, na mchanga kidogo, na ule waya wa kusugulia sufuria. Alisugua kuliko alivyowahi kusugua chochote. Uchafu ulipotoka wote na kioo kikawa cheupe hata akaona vidole vyake upande wa pili, alifurahi sana. Akakisuuza, akakipanguza kwa leso yake mwenyewe, akakiweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma.

Nyongesa aliingia saa kumi na mbili na nusu, Bridgit akiwa amerudi na anamnyonyesha mtoto kitandani. Akakiona kioo. Alikiinua mbele ya balbu, na kupitia kwacho akaiona balbu. Akaona na mikwaruzo, mingi, imezunguka na kuzunguka. Miezi minne ya kulizunguka pipa ilikuwa imeondoka kwa mchana mmoja.

Bridgit alianza kumweleza, na hakungojwa amalize. Nyongesa alijua Nekoye yuko wapi. Alikisikia kigoda chake kikilia nyuma ya bati, kwa Kalekye. Na hapa pana jambo ambalo mpaka leo linamshinda: angesema vile akimtazama mkewe, angesema ni hasira iliyomponyoka. Lakini aligeuka. Aliuelekeza uso wake kwenye bati, ndipo akasema.

"Mwambie mama yako hii si sufuria. Amekaa hapa miezi miwili akiangalia. Kwani macho yake ni ya nini?"

Nyuma ya bati kigoda kiliacha kulia. Bridgit alimtoa mtoto ziwani, akajifunga kifua, akasema polepole, "Amesikia."

"Najua," Nyongesa akasema.

Asubuhi yake alitoka kwenda kazini mapema kuliko kawaida. Aliporudi mama hakuwepo. Kalekye ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye basi, na Kalekye ndiye aliyepewa ujumbe, maana mama hakutaka kumtwisha Bridgit. "Amesema nikuambie hakujua," Kalekye akamwambia Nyongesa pale mlangoni, bila salamu. "Alidhani kimechafuka. Si wewe ndiye ulisema kimechafuka?"

Kosa kama hilo lina njia yake ya kurekebishwa, na Nyongesa aliijua. Unanunua leso nzuri, unamtafuta mzee mmoja wa ukoo wako mwenye maneno matamu, unamtuma kwa wakwe aketi, anywe chai, aseme kijana amekosa. Kazi ya siku moja. Nyongesa akasema atamaliza kwanza kioo, hasira ipoe. Mwezi wa tatu ikaja korona, barabara zikafungwa, na Mungu amsamehe, alishukuru kidogo. Barabara zilipofunguliwa akasema Krismasi. Krismasi ilipofika akasema Pasaka. Kila mwaka ulivyopita ndivyo safari hiyo ilivyozidi kuwa ngumu, kwa sababu sasa ingebidi aombe msamaha wa maneno na msamaha wa kuchelewa.

Kioo chenyewe hakikumshinda. Alilizunguka pipa upya, miezi mitatu tu, maana mkono ulikuwa umeshazoea. Hakuna jirani aliyecheka, na chai haikuja. Mzee wa vioo akampakia fedha tena, na kioo kikatoka kizuri kuliko cha kwanza. Mwezi wa tano alikigeuza kusini akakipata kishada kile kikubwa ambacho vitabu vinasema kina nyota mamilioni. Ilikuwa kama mtu amepuliza unga ndani ya nuru ya tochi. Akamwita Bridgit aje aone. Bridgit akajibu kutoka ndani kwamba ameshika mtoto. Nyongesa alijua mtoto amelala kitandani, alikuwa amemfunika mwenyewe. Hakumwita tena usiku huo wala siku nyingine. Kwa miaka alitazama galaksi na vishada peke yake, akaziandika kwenye daftari, na hakuna hata moja iliyompa furaha ya ile jioni ya foleni. Alichokiharibu mama kilichukua miezi mitatu kutengeneza. Alichokiharibu yeye kilikuwa bado kiko vilevile, na hakuwa amekigusa.

Mwisho wa mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, Audrey, dada yake Bridgit anayekaa Kawangware, alimleta mama yao Nairobi kwa ajili ya macho. Daktari aliyempima alisema ni presha ya macho. Ugonjwa huo hula polepole kwa miaka, bila maumivu, na ulichokwisha kula haukirudishi. Jicho la kulia limekwenda. La kushoto linaona mwanga na kivuli, basi. Bridgit alimpa mumewe habari hizo akimenya viazi, na hakuinua kichwa.

Nyongesa aliuliza kama mama angeletwa mapema ingesaidia.

"Ingesaidia," Bridgit akasema. "Alianza kulalamika mwaka juzi. Nikamwambia akuje Nairobi apimwe. Akaniuliza, nikuje kwa nani?"

Kisu kiliendelea kumenya. Nyongesa alitoka nje akakaa kwenye ile ndoo, ile aliyokuwa akikalia mkewe. Yale maneno aliyoyaelekeza kwenye bati yalimrudia moja moja, kwani macho yake ni ya nini.

Ploti ya Audrey iko vichochoro viwili tu kutoka karakana ya Obonyo. Kwa wiki mbili Nyongesa aliipita asubuhi na jioni. Mara moja alifika hadi kwenye geti, akasikia kile kikohozi, akarudi nyuma. Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza alinunua leso. Akamwomba Obonyo ile pikapu ya kubebea vioo, akapakia bomba na kisanduku chake, akamwambia Bridgit amvike Daisy sweta waende. Bridgit alimtazama sana, akaenda kuleta sweta. Njiani alimwambia neno moja tu, kwamba labda jicho la kushoto litaona, kwa sababu juzi mama alijua balbu imewashwa. Nyongesa alilishikilia neno hilo njia nzima.

Uwanja wa nyuma kwa Audrey ni mdogo, pana kibanda cha kuku na sinki la kufulia. Majirani waliombwa wazime balbu za nje, wakazima. Ilikuwa saa moja na nusu, mbingu safi, na Kilimia kilikuwa juu upande wa kaskazini. Nekoye aliletwa akimshika Daisy bega. Alikuwa amekonda, leso kichwani kama zamani, na uso wake aliuinua kidogo kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Wakamkalisha kwenye kiti kirefu, karibu na lenzi ya kutazamia iliyo pembeni mwa bomba. Nyongesa alisimama upande wa pili wa bomba. Alimpa Bridgit ile leso, Bridgit akampa mama, mama akaipapasa pindo zote mbili.

Nyongesa alikuwa ameyapanga maneno tangu Kibera. "Bridgit," akaanza, "mwambie mama..."

Nekoye akasema, "Mwambie baba Daisy tuanze na nyota. Hayo mengine yatakuja."

Basi akaanza na nyota. Ubavuni mwa bomba amefunga kibomba chembamba cha kulengea. Akalenga Kilimia kwa hicho. Desturi yake ni kutazama kwanza mwenyewe kwenye lenzi kabla ya mgeni. Lakini uso wa mama ulikuwa umeshafika hapo, na hapakuwa na namna ya kuingiza wake bila mashavu kugusana. Akarudi nyuma kwa heshima. Bridgit ndiye aliyemshika mama kichwa taratibu akamwekea jicho la kushoto mahali pake.

Kuku walikuwa wakijipanga kwenye kibanda chao. Kisha Nekoye akasema, "Naziona."

"Kweli, mama?" Bridgit akauliza.

"Naziona. Ni nyingi kuliko zile za baba. Zimekaa kama wimbi imemwagika kwa ungo." Akacheka kile kicheko chake cha chini. "Na ziko zingine ndogo zimejificha nyuma ya zile kubwa."

Nyongesa alihisi miaka mitano ikimshuka mabegani. Aliona daktari amekosea, aliona ile mikono yake iliyojaa makovu ya kioo imefanya kazi moja ya maana duniani. "Asante, mama," akasema, moja kwa moja, bila kumtuma mtu, na hakujua amesema hivyo mpaka alipoona Bridgit amegeuka.

Dakika ilikuwa imepita na nyota lazima zilikuwa zimesogea. Nekoye akaegemea nyuma apumzike. Nyongesa akauweka mkono kwenye mdomo wa bomba ili alisukume kidogo, kama anavyofanya siku zote, na kiganja chake kikagusa bati baridi.

Ulikuwa mfuniko. Ule ule wa sufuria, uliosuguliwa na mama mwaka ule na haujapoteza mng'ao mpaka leo. Hakuwa ameutoa. Ndani ya lile bomba hapakuwa na nyota hata moja, hapakuwa na chochote.

Alisimama hivyo, mkono juu ya mfuniko. Bridgit aliuona mkono, akaelewa, akautia uso wake ndani ya sweta ya Daisy. Nyongesa akauinua mfuniko polepole, lakini mfuniko wa sufuria hautoki kimya, ukagonga ukingo wa bomba ukalia. Nekoye akageuza uso kuelekea ule mlio. Mlio huo alikuwa ameusikia jikoni maisha yake yote.

Halafu Nekoye akasogea kwenye kiti, akaacha nafasi.

"Baba Daisy," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa mdomo wake, "sasa angalia wewe. Uniambie."

Nyongesa akainama. Bega lake liligusa la mama mkwe, na hakulitoa. Nyota zilikuwa hapo zote, za buluu, safi kuliko alivyowahi kuziona, halafu zikaanza kulowa na kuvimba kwa sababu ya machozi. Akamwambia iko moja kubwa katikati. Akamwambia ziko mbili zimekaribiana pembeni, kama mama na mtoto. Akamwambia na zile ndogo, kweli, ziko nyuma. Alisema mpaka nyota zikaanza kuondoka upande mmoja wa lenzi, na hakulisukuma bomba.

"Mama," akasema, jicho likiwa bado hapo, "yale maneno ya siku ile..."

"Hayo niliyaacha kwa basi," Nekoye akasema. "Yangenipeleka wapi? Lakini nyota nilitaka kuziona, baba Daisy. Nilikuwa nimetaka sana."

Nyota ya mwisho ikatoka, lenzi ikabaki nyeusi, na mama akauliza kama bado ziko. Akamwambia zimeenda.

"Basi funika kioo chako," Nekoye akasema. "Vumbi isiingie."

Nyongesa akauchukua mfuniko, akakifunika.